Mjadala kuhusu utumishi wa kijeshi wa George W. Bush

Mjadala kuhusu utumishi wa kijeshi wa George W. Bush ni mabishano ya kisiasa yaliyotokea nchini Marekani kuhusu miaka ambayo rais wa 43 wa nchi hiyo alikuwa rubani katika Walinzi wa Taifa wa Anga wa jimbo la Texas, yaani kuanzia 1968 hadi 1973. Yalisikika alipogombea ugavana wa Texas mwaka 1994, yakarudi katika uchaguzi wa rais wa 2000, na kufikia kilele chake mwaka 2004 alipogombea kipindi cha pili dhidi ya seneta John Kerry.

Maswali yaliyoulizwa yalikuwa mawili. La kwanza: alipataje nafasi katika kikosi ambacho maelfu ya vijana wengine walikuwa wakiingojea? La pili: je, alitimiza wajibu wake kati ya Mei 1972 na Mei 1973, alipokuwa akifanya kazi ya kampeni ya uchaguzi katika jimbo la Alabama? Swali hili la pili lilikuwa na nyaraka halali za kutosha kulijadili. Hata hivyo, watu wengi leo wanakumbuka zaidi hati chache zilizotangazwa na televisheni ya CBS mwezi Septemba 2004, ambazo uhalali wake haukuthibitishwa. Kwa sababu hiyo makala hii inatenganisha mambo hayo mawili.

Usuli

Wakati wa Vita vya Vietnam vijana wa kiume wa Marekani waliweza kuandikishwa jeshini kwa lazima. Wanafunzi wa chuo kikuu waliahirishiwa wajibu huo hadi wamalize shahada ya kwanza. Baada ya hapo kijana asiyetaka kungoja barua ya serikali alikuwa na njia kadhaa: kujiunga na jeshi kwa hiari na kuchagua tawi lake, kutafuta sababu ya kiafya, kukimbilia Kanada, au kuingia katika Walinzi wa Taifa.

Walinzi wa Taifa ni jeshi la akiba lililo chini ya magavana wa majimbo, ambalo rais anaweza kuliita wakati wa dharura. Msomaji wa Tanzania asilichanganye na JKT wala mgambo: askari wake hupata mafunzo kamili ya kijeshi, hurusha ndege za kivita na kuendesha vifaru, ila huendelea na kazi zao za kiraia na kukusanyika kikosini kwa kawaida wikiendi moja kila mwezi na siku 15 kila mwaka. Rais Lyndon Johnson aliamua kutotumia jeshi hilo kwa wingi huko Vietnam. Vikosi vichache tu viliitwa mwaka 1968. Matokeo yake nafasi za Walinzi wa Taifa zilitafutwa sana, na katika majimbo mengi kulikuwa na orodha ndefu za kungojea.

Hali hiyo ndiyo iliyofanya jambo la 1968 liwe na uzito mwaka 2004. Kufikia wakati huo serikali ya Bush ilikuwa ikipeleka Walinzi wa Taifa Iraq kwa maelfu, wakikaa huko mwaka mzima na zaidi. Kikosi kilichokuwa njia ya kuepuka vita kwa kizazi cha rais kilikuwa sasa njia ya kwenda vitani kwa vijana wa kizazi kilichofuata, na familia zao zilipiga kura.

Kuingia kikosini

George Walker Bush alizaliwa 6 Julai 1946. Alijiunga na Walinzi wa Taifa wa Anga wa Texas tarehe 27 Mei 1968, siku 12 kabla ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Yale, kwa ahadi ya utumishi wa miaka sita. Katika mtihani wa kupima vipaji, alama zake za sehemu ya urubani zilikuwa asilimia 25, kiwango cha chini kabisa kilichokubaliwa. Baba yake, George H. W. Bush, alikuwa wakati huo mbunge wa eneo la Houston katika Baraza la Wawakilishi.

Bush na baba yake walikanusha daima kwamba waliomba upendeleo. Watetezi wao wanaeleza kwamba kikosi kilikuwa na uhitaji wa marubani, kazi iliyotaka mwaka mzima wa mafunzo na ambayo si kila aliyekuwa kwenye orodha aliitaka. Kwa upande mwingine, Ben Barnes, aliyekuwa Spika wa bunge la Texas mwaka 1968, alieleza chini ya kiapo mwaka 1999 kwamba alimpigia simu Brigedia Jenerali James Rose, mkuu wa Walinzi wa Anga wa Texas, kumpendekeza kijana Bush. Alisema aliombwa afanye hivyo na Sidney Adger, mfanyabiashara wa Houston aliyekuwa rafiki wa familia. Barnes, mwanachama wa chama cha Democratic, hakusema kwamba Bush mzee ndiye aliyemtuma. Kikosi chenyewe kilikuwa na vijana wengine wa familia kubwa, akiwemo mtoto wa Lloyd Bentsen, ambaye baadaye alikuwa seneta, pamoja na wachezaji kadhaa wa timu ya Dallas Cowboys.

Kuingia kwa mlango wa kujuana hakukuwa kosa la kisheria, na Bush hakuwa peke yake. Ndiyo maana sehemu hii ya mjadala, ingawa ilichukiza wengi, haikufika mbali.

Miaka ya kuruka, 1968–1972

Septemba 1968 Bush alipewa cheo cha luteni usu. Kuanzia Novemba mwaka huo alikuwa mwanafunzi wa urubani katika kambi ya jeshi la anga ya Moody, jimboni Georgia, kwa muda wa mwaka mmoja. Kisha alirudi kambi ya Ellington, Houston, kujifunza kurusha F-102 Delta Dagger, ndege ya kivita ya kiti kimoja iliyotengenezwa kuzuia ndege za adui zenye mabomu. Alimaliza mafunzo ya mapigano Juni 1970 na kuwa rubani kamili wa kikosi cha 111.

Hakuna mgogoro mkubwa kuhusu miaka hiyo. F-102 haikuwa ndege nyepesi kuiendesha, na marubani walikufa humo hata wakati wa amani. Tathmini za wakuu wake, akiwemo Luteni Kanali Jerry Killian, zilimsifu kama rubani hodari na kijana mwenye uwezo wa uongozi. Kumbukumbu zinaonyesha alihudhuria zaidi ya kiwango kilichotakiwa. Mtu anayemwita Bush askari wa bandia anasahau ukurasa huu wa jalada lake.

Mara yake ya mwisho kuruka ilikuwa Aprili 1972. Ahadi yake ya miaka sita ilikuwa bado na miaka miwili.

Mwaka wa Alabama

Mwezi Mei 1972 Bush alihamia Montgomery, Alabama, kufanya kazi katika kampeni ya Winton Blount, aliyekuwa akigombea kiti cha Seneti. (Blount alishindwa na John Sparkman mwezi Novemba.) Bush aliomba kuhamishiwa kikosi cha akiba cha 9921 katika kambi ya Maxwell. Hicho kilikuwa kikosi cha makaratasi tu, kisicho na ndege wala mazoezi ya kila mwezi yenye malipo. Wakuu wa kikosi hicho walikubali, lakini mwisho wa Julai makao ya kumbukumbu huko Denver yalikataa, kwa kuwa afisa mwenye wajibu wake haustahili kupelekwa huko.

Katikati ya mambo hayo, siku yake ya kuzaliwa ilipita bila yeye kufanyiwa uchunguzi wa afya ambao kila rubani hufanyiwa kila mwaka. Kuanzia 1 Agosti 1972 alisimamishwa kuruka. Agizo rasmi la kuthibitisha hilo lina tarehe 29 Septemba. Sababu zilizotolewa na wasemaji wake zilibadilika. Mwaka 2000 ilielezwa kwamba daktari wake wa familia alikuwa Houston naye yuko Alabama. Wakosoaji walijibu kwamba uchunguzi wa marubani hufanywa na madaktari wa jeshi la anga, na madaktari hao walikuwepo Montgomery. Baadaye Ikulu ilieleza kwamba hakukuwa na haja ya uchunguzi, kwa kuwa kikosi cha Alabama hakikuwa na F-102. Maelezo hayo ya pili yana mantiki zaidi, ila hayaelezi kwa nini rubani aliyefunzwa kwa gharama kubwa aliachwa akapoteza sifa ya kuruka bila uchunguzi wowote unaojulikana kufanyika.

Tarehe 5 Septemba Bush aliomba kufanya mazoezi ya miezi mitatu na kikosi cha 187 huko Montgomery. Ombi lilikubaliwa, akaelekezwa aripoti kwa Luteni Kanali William Turnipseed, na akatajiwa siku za mikusanyiko: 7 na 8 Oktoba, 4 na 5 Novemba.

Je, aliripoti? Mwaka 2000 Turnipseed aliliambia gazeti la Boston Globe kwamba hakumbuki kumwona. Baadaye alilegeza kauli yake. Shahidi mmoja wa kikosi hicho alijitokeza mwaka 2004 akisema alimwona Bush mara kadhaa, lakini baadhi ya nyakati alizotaja zilikuwa kabla ya Bush hata kuomba kwenda huko. Mchoraji wa katuni Garry Trudeau alitangaza dola 10,000, zitolewe kwa shirika la kuwahudumia askari, endapo mtu yeyote angethibitisha kwamba alimwona kwa macho yake Bush akifanya mazoezi Alabama. Ulikuwa mzaha, lakini wenye kuchoma.

Nyaraka halali zinasema nini

Tarehe 23 Mei 2000 Boston Globe lilichapisha habari ndefu ya mwandishi Walter Robinson iliyotegemea kurasa za jalada la Bush, na tangu hapo mjadala ukawa wa karatasi zaidi kuliko wa kumbukumbu za watu. Tarehe 10 Februari 2004 Ikulu ilitoa kumbukumbu za malipo, na siku tatu baadaye mamia ya kurasa nyingine. Shirika la habari la Associated Press lilifungua kesi chini ya sheria ya uhuru wa habari ili kupata zilizobaki.

Kumbukumbu za malipo zinaonyesha kwamba kati ya katikati ya Aprili na mwishoni mwa Oktoba 1972 Bush hakulipwa kwa siku hata moja. Kisha kuna malipo ya tarehe 28 na 29 Oktoba, na ya 11 hadi 14 Novemba. Siku hizo si zile alizopangiwa na kikosi cha 187. Hilo halithibitishi utoro, kwani askari wa akiba waliruhusiwa kufidia mkusanyiko kwa siku nyingine, lakini pia malipo peke yake hayasemi mtu alikuwa wapi. Ushahidi ulio imara zaidi kwa upande wake ni fomu ya uchunguzi wa meno wa tarehe 6 Januari 1973, uliofanyika katika kambi ya Dannelly huko Montgomery. Siku hiyo, angalau, alikuwa kambini Alabama.

Karatasi iliyomdhuru zaidi ilitoka kwa wakuu wake wenyewe. Tarehe 2 Mei 1973 maafisa wawili wa Houston, mmojawapo Killian, walitakiwa kujaza tathmini yake ya mwaka ulioanzia 1 Mei 1972 hadi 30 Aprili 1973. Waliandika kwamba hawakuweza kumtathmini kwa sababu hakuonekana katika kikosi kwa muda huo. Walidhani yuko Alabama. Alabama nako hakukuwa na tathmini iliyoandikwa.

Upande wa Ikulu ulijibu kwa hesabu ya pointi. Askari wa akiba hupewa pointi kwa kila kipindi cha mazoezi, pamoja na pointi 15 za bure kwa kuwa mwanachama tu. Mwaka anaopata pointi 50 huhesabiwa kuwa mwaka uliotimizwa. Afisa mstaafu wa Walinzi wa Texas aliyepitia kumbukumbu kwa ombi la wasaidizi wa Bush alihesabu pointi 56 kwa mwaka 1972–73. Wakosoaji walisema kipimo hicho ni cha kuhesabia miaka ya kiinua mgongo, si cha wajibu wenyewe, ambao ulikuwa mikusanyiko 48 na siku 15 za mafunzo kila mwaka. Kwa maneno mengine, pande mbili zilikuwa zikisoma karatasi ileile kwa rula mbili tofauti, na kwa kipimo cha kwanza alifaulu kwa pointi sita, kwa cha pili hakufika.

Julai 2004 Wizara ya Ulinzi ilisema kumbukumbu za malipo za robo ya tatu ya 1972 ziliharibika miaka ya nyuma wakati filamu ndogo za kumbukumbu zilipokuwa zikiokolewa. Wiki mbili baadaye zikapatikana. Hazikuwa na kitu kipya: hakukuwa na malipo kwa Julai, Agosti wala Septemba. Mwanzoni mwa Septemba 2004, baada ya hapo awali kudaiwa kwamba kila kitu kimeshatolewa, zilipatikana pia kumbukumbu za safari zake za angani. Mambo ya namna hii yaliwafanya wengi waamini kuna kilichofichwa, ingawa mtu yeyote aliyewahi kutafuta jalada la zamani katika ofisi ya serikali anajua kwamba uzembe huweza kufanana sana na njama.

Kuondoka jeshini

Katika miezi ya Mei, Juni na Julai 1973 Bush alifanya siku nyingi za mazoezi kwa mfululizo huko Houston, kana kwamba anafidia. Siku yake ya mwisho yenye malipo ilikuwa 30 Julai 1973. Aliomba kuachwa mapema ili asome shahada ya biashara Harvard, akaruhusiwa. Aliachishwa kwa heshima kutoka Walinzi wa Texas tarehe 1 Oktoba 1973, na kutoka jeshi la akiba la anga tarehe 21 Novemba 1974. Watetezi wake husisitiza kwamba mwaka 1973 vita ilikuwa ikimalizika, F-102 zilikuwa zikiondolewa, na jeshi lilikuwa na marubani kuliko ndege. Ruhusa za namna hiyo zilikuwa za kawaida.

Katika kitabu chake cha 1999, A Charge to Keep, Bush alieleza kwamba baada ya mafunzo aliendelea kuruka na kikosi chake kwa miaka kadhaa. Kumbukumbu zinaonyesha muda usiofika miaka miwili.

Uchaguzi wa 2004

Tarehe 1 Mei 2003 Bush alitua kwa ndege ya jeshi juu ya manowari USS Abraham Lincoln akiwa amevaa sare ya rubani, akatangaza kwamba mapigano makubwa nchini Iraq yamekwisha. Picha hiyo iliwaudhi wapinzani wake. Januari 2004 mtengenezaji wa filamu Michael Moore alimwita Bush mtu aliyetoroka jeshi, na tarehe 1 Februari mwenyekiti wa chama cha Democratic, Terry McAuliffe, alisema rais alikuwa mtoro kazini huko Alabama.

Maneno hayo mawili hayana maana moja katika sheria ya kijeshi. Mtoro kazini ni askari asiyekuwepo mahali pake bila ruhusa. Mtu wa kutoroka jeshi ni yule aliyeondoka akiwa na nia ya kutorudi tena, na adhabu yake ni kubwa zaidi. Bush hakushtakiwa kwa lolote kati ya hayo, na aliachishwa kwa heshima. Aliyemwita mtoro alikuwa na jambo la kujadili. Aliyemwita wa kutoroka jeshi hakuwa nalo. Bush mwenyewe alijibu katika mahojiano ya televisheni na Tim Russert tarehe 8 Februari 2004 kwamba alitimiza wajibu wake, na kwamba asingeachishwa kwa heshima kama asingeutimiza.

Hati za Killian

Asubuhi ya 8 Septemba 2004 Boston Globe lilichapisha uchunguzi mpya. Lilieleza kwamba tarehe 30 Julai 1973 Bush alitia sahihi ahadi ya kutafuta kikosi kingine katika eneo la Boston akienda Harvard, la sivyo angeweza kuitwa katika utumishi kamili wa hadi miezi 24. Hakujiunga na kikosi chochote cha huko. Karatasi hiyo ilikuwa halali, yenye sahihi yake, na msemaji wake Dan Bartlett alikiri kwamba kauli yake ya 1999, kuwa Bush alimalizia utumishi Boston, haikuwa sahihi.

Jioni ya siku hiyohiyo, kipindi cha 60 Minutes cha CBS kilichoongozwa na mtangazaji Dan Rather kilionyesha hati nne zilizodaiwa kutoka katika jalada la binafsi la Jerry Killian, ambaye alikuwa amefariki mwaka 1984. Ndani yake Killian alionekana akimwamuru Bush kwenda kuchunguzwa afya, na akilalamika kwamba anashinikizwa kutoka juu apambe tathmini. Barnes pia alihojiwa katika kipindi hicho. Habari ya Globe ilifunikwa kabla watu hawajaisoma.

Saa chache baadaye wachangiaji wa intaneti walianza kuuliza maswali kuhusu herufi. Mashine nyingi za kupiga chapa za mwaka 1972 zilitoa kila herufi nafasi sawa, kiasi kwamba «i» na «m» zilichukua upana uleule. Hati hizi zilikuwa na herufi zenye upana tofauti, na mahali pengine «th» ndogo iliyoinuliwa juu ya mstari. Mtu mmoja alipiga upya hati mojawapo kwa programu ya Microsoft Word bila kubadili mpangilio wowote, akaiweka juu ya ile ya CBS: zililingana. Mashine za chapa za hali ya juu zenye uwezo wa kutofautisha upana zilikuwepo wakati huo, lakini zilikuwa ghali na za wachapishaji zaidi kuliko za ofisi ya kambi.

Yaliyomo nayo yalikuwa na kasoro. Hati ya Agosti 1973 ilimtaja Kanali Walter Staudt kama anayeshinikiza, ilhali alikuwa amestaafu kikosini tangu 1972. Jenerali mstaafu Bobby Hodges, ambaye CBS ilimtegemea kama mthibitishaji, alikuwa amesomewa tu maneno kwa simu. Alipoziona karatasi zenyewe alisema ni za kughushi. Marian Carr Knox, aliyekuwa katibu muhtasi katika ofisi ya Killian na sasa akiwa na miaka 86, alisema hakuzipiga chapa yeye, na kwamba si halali, ila yaliyoandikwa yalifanana na fikra za Killian wakati ule. Familia ya Killian ilikataa hata hilo la mwisho.

Mtoa hati alikuwa Bill Burkett, luteni kanali mstaafu wa Walinzi wa Taifa wa Texas na mkosoaji wa Bush wa siku nyingi. Kwanza alitaja mtu mmoja kuwa ndiye aliyempa, kisha akabadilisha maelezo na kutaja mwanamke ambaye hakuna aliyempata. Alisema nakala za mwanzo alizichoma baada ya kuzitoa fotokopi. Kwa hiyo hakukuwa na karatasi wala wino wa kupimwa, na wataalamu wa maandishi walikuwa na picha ya sahihi tu. Baadhi yao walikuwa wameitahadharisha CBS kabla ya kipindi kurushwa.

Kwa siku kumi na mbili CBS ilizitetea hati hizo. Tarehe 20 Septemba ilikiri kwamba haiwezi kuthibitisha uhalali wake, na Rather akaomba radhi hewani. Jopo huru la Dick Thornburgh, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, na Louis Boccardi, mkuu wa zamani wa Associated Press, lilitoa ripoti yake 10 Januari 2005. Liliona kwamba haraka ya kuwahi kutangaza ilishinda wajibu wa kuhakiki. Halikusema kwa uhakika kwamba hati ni za kughushi, wala halikuona ushahidi wa kutosha kwamba upendeleo wa kisiasa ndio ulioongoza kipindi. Lililaumu vikali jambo moja: mtayarishaji Mary Mapes alimpigia simu Joe Lockhart wa kampeni ya Kerry akimwomba awasiliane na Burkett. Mapes alifukuzwa, na wakubwa wengine watatu wakatakiwa kujiuzulu. Rather aliacha kusoma habari za jioni Machi 2005 baada ya miaka 24. Mwaka 2007 aliishtaki CBS akidai dola milioni 70, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya New York iliitupa kesi hiyo. Filamu ya Truth ya 2015 inasimulia mambo haya kwa mtazamo wa Mapes. Mwanafunzi anayeitazama akumbuke hilo.

Ikulu haikuhitaji kujibu swali la Boston. Kuanzia Septemba 2004 kila aliyeuliza kuhusu 1972 alijibiwa kwa kutajiwa CBS.

Rekodi ya Kerry

Ajabu ya uchaguzi huo ni kwamba aliyepata hasara zaidi kwa rekodi ya jeshi ni yule aliyekwenda vitani. John Kerry alikuwa nahodha wa boti za doria katika mito ya Vietnam ya Kusini, akapata nishani ya Silver Star, ya Bronze Star na tatu za Purple Heart, ambazo hupewa wanaojeruhiwa. Baada ya kurudi alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti tarehe 22 Aprili 1971 akiipinga vita, na wapo waliokuwa wanajeshi ambao hawakumsamehe kamwe. Mwaka 2004 kikundi cha maveterani kilichoitwa Swift Boat Veterans for Truth kilitangaza matangazo ya televisheni kikidai alidanganya kuhusu majeraha na nishani zake. Kumbukumbu za jeshi la maji, pamoja na kauli za karibu wote waliokuwa ndani ya boti yake, ziliunga mkono maelezo ya Kerry. Lakini matangazo hayo yalirushwa Agosti, na kampeni yake ilichelewa kujibu.

Bush alishinda uchaguzi wa 2 Novemba 2004 kwa kura 286 za wajumbe dhidi ya 251.

Mijadala inayofanana

Kabla ya Bush, Dan Quayle aliulizwa mwaka 1988 jinsi alivyoingia Walinzi wa Taifa wa Indiana, na Bill Clinton mwaka 1992 jinsi alivyoepuka kuandikishwa. Mwaka 2010 Richard Blumenthal wa Connecticut, aliyetumikia jeshi la akiba ndani ya Marekani, alibainika kuwa aliwahi kusema hadharani alikuwa Vietnam. Alieleza kwamba alikosea maneno, akachaguliwa kuwa seneta. Mwaka 2024 Tim Walz, mgombea mwenza wa Kamala Harris, alilaumiwa na J. D. Vance kwa kustaafu Walinzi wa Taifa mwaka 2005, baada ya miaka 24, muda mfupi kabla kikosi chake hakijapelekwa Iraq. Walz alikuwa amestaafu ili agombee ubunge wa Minnesota, na agizo rasmi la kikosi kwenda Iraq lilitoka baada ya yeye kuondoka.